Kufuli Mbili za Ghala la Chilonje

Chilonje, Kongwa
8 Desemba 1991

Mama Rahimu,

Bwana shamba alitutangazia jana kwenye mkutano wa kijiji kwamba uwele na mtama ulioota kwa mvua ya Novemba umekauka wote, na kwamba hata mvua ikirudi wiki hii hakuna atakayevuna kabla ya Juni. Aliletewa kiti, akakataa kukaa. Watu wakaelewa.

Ghala liko salama. Nimelikagua leo baada ya ibada. Kufuli yako na kufuli ya kijiji zote mbili ni nzima, na bati ulizoezekea hakuna hata moja iliyong'oka. Magunia yako mia na themanini ya mtama yako kama ulivyoyapanga. Yotham, mlinzi wako, analala mlangoni kila siku.

Leo nakuandikia kama mtunza ufunguo wa kijiji, si kama rafiki tu. Kamati imenituma nikuombe jambo moja: mtama usiupeleke mjini. Lete ufunguo wako tufungue pamoja, utuuzie hapa hapa kwa bei uliyonunulia kwetu mwezi wa sita, uongeze na faida ya haki. Faida hiyo itaje mwenyewe. Wako watakaotoa mbuzi, wako watakaotoa kuku, na wako watakaoomba kulipa mavuno yajayo.

Wapo wanaosema mengine. Shemeji yangu Sila, mdogo wake Daudi, aliniuliza mbele ya watu, "Shemeji, pale kuna kufuli mbili, moja ya tajiri na moja yetu. Yetu inamzuia nani?" Walicheka. Nakuletea swali lenyewe.

Daudi anakusalimu. Jibu mpe Thomas, kondakta wa basi la Kongwa.

Lydia


Majengo, Dodoma
15 Desemba 1991

Mbukwenyi, kwa salamu ya kwenu, Mama Anna.

Mwambie shemeji yako Sila kwamba kufuli yenu inanizuia mimi. Ndiyo kazi yake. Ninyi mlitoa kuta, mimi nikatoa bati, na kila upande ukatundika kufuli yake ili mmoja asiingie bila mwenzake. Wafanyabiashara wenzangu wa nafaka hapa sokoni waliposikia sharti hilo walinicheka.

Bei ya mwezi wa sita haipo tena. Mtama ni ule ule, lakini nimeubeba nusu mwaka. Nimeutia dawa ya fukusi mara mbili, nimemlipa Yotham, na muda wote huo nilijua kwamba mvua ikinyesha vizuri bei itaanguka na hasara itakuwa yangu peke yangu. Ingeanguka, kamati ingenitumia ujumbe wa kunichangia? Sasa imepanda, faida tugawane.

Umesahau tulikotoka? Mnunuzi alikuwa mmoja tu, shirika la serikali. Mlipeleka mtama, mkapewa karatasi, mkangoja malipo misimu miwili huku mtama wenyewe unaozea chini ya turubai. Hakuna aliyefaidi, basi ikaitwa haki. Mwaka 1983 nilikimbilia kwako na magunia manne, nikiitwa mhujumu uchumi. Magunia manne. Ukayamwaga kwenye kilindo chako, na mgambo wakaondoka mikono mitupu, kwa sababu kwenu mwanamume hatii mkono kwenye pipa la nafaka la mwanamke hata akiwa na amri ya wilaya. Kosa langu siku ile lilikuwa kupeleka chakula kwenye bei. Leo kazi hiyo hiyo ina leseni, nimeitundika ukutani.

Bei si dhambi. Ndiyo inayomwambia mwenye lori aende wapi. Nikiuza kwa bei ya Juni, mwakani hakuna atakayeacha gunia lake kijijini, na Desemba ghala lenu litakuwa na popo.

Ngojeni hadi Januari. Sijaamua kitu.

Rukaya


Chilonje, Kongwa
3 Januari 1992

Mama Rahimu,

Daudi ameondoka juzi kwenda kuhemea Kiteto. Amechukua maksai wetu wawili wa jembe. Akimpata mwenye akiba huko atabadilishana naye, na atarudi na nafaka bila maksai. Ameondoka na wanaume wengine wengi, kila mmoja na mnyama wake. Mvua haijarudi.

Kufuli zote mbili ni nzima.

Barua yako niliisomea kamati, isipokuwa ile habari ya kilindo. Sila alisema, "Kurasa mbili nzima za mtama. Zikipikwa zitatosha nyumba ngapi?" Nilimwambia anyamaze. Kisha nikafikiri namna ya kukujibu.

Kuhusu shirika nakubali yote. Mtama wangu mwenyewe ulioza chini ya turubai lile. Lakini ubaya wa yule hauwi uzuri wa huyu.

Unasema tulikuuzia. Ni kweli tulikuuzia. Nikukumbushe mwezi wa sita ulivyokuwa. Mgambo walipita na kamba wakikamata wasiolipa kodi ya maendeleo. Shule ilikuwa imewarudisha nyumbani watoto wasio na michango. Wewe ulifika siku ya tatu yake na lori na mizani. Sisemi ulipanga nao. Nasema hukuhitaji kupanga. Mtu aliyefungwa kamba mikononi akikuuzia mtama, ameuza kweli na wewe umenunua kweli. Mizani yako pia ilikuwa sawa, niliitazama mwenyewe. Lakini hiari ilikuwa ya mmoja.

Unasema bei humwambia mwenye lori aende wapi. Humwambia aende penye fedha. Mwaka huu njaa iko Chilonje na fedha iko Dodoma, kwa hiyo lori litatoka kwenye njaa likiwa limejaa chakula. Nieleze hapo, kwa sababu watu wananiuliza na mimi sijui niwaambie nini.

Matofali ya ghala lile niliyabeba kichwani nikiwa na mimba ya Anna.

Lydia


Majengo, Dodoma
12 Januari 1992

Mama Anna,

Nakuombea Daudi arudi salama.

Umeuliza, nami nakujibu. Bei hupeleka lori penye fedha. Amri hulipeleka penye mkubwa. Nimeishi chini ya vyote viwili, na kwenye bei angalau najua mapema nitafukuzwa na nani.

Unaniandikia habari za kamba. Babu wa babu yangu aliingia nchi hii na msafara, begani ana jino la tembo la mtu mwingine. Bibi alitusimulia walivyofika Ugogo. Visima vilikuwa vyenu. Watemi wenu waliketi hapo, na msafara haukunywa mpaka hongo ilipwe, nguo, shanga na waya. Nafaka mliuza kwa bei mliyopenda, kwa kuwa mlijua nyuma yao kuna pori lisilo na maji na mbele yao kuna jingine. Mgogo alimtazama mwenye kiu usoni, kisha akataja bei. Usiniambie biashara hii nimewaletea mimi kutoka mjini. Sisi tulikuja kujifunza kwenu.

Maalim Abdulrazaki nilimsomea barua yako. Alisema anayezuia chakula watu wakiwa na njaa ana dhambi, na wala hakuzunguka. Nikamuuliza kama njaa imethibitishwa. Akasema hilo halijui.

Nami ndilo ninaloliuliza. Nani amelithibitisha? Katika Majengo nzima mimi peke yangu ndiye ninayejua kilindo kinaweza kubeba nini. Mwaka 1983 mgambo waliambiwa nyumbani kwako hamna kitu, wakaondoka, na chini ya pumba kulikuwa na mtama wangu. Kama mliweza kuficha wa kwangu, mnaweza kuficha wa kwenu. Kila nyumba inasema haina. Hakuna mume anayejua kilicho kwenye kilindo cha mkewe. Kamati yenu ya wanaume imeandika neno "njaa" bila kutia mkono popote.

Nithibitishie, kisha tuzungumze bei. Sitauza kwa hasara kwa watu wenye akiba.

Rukaya


Chilonje, Kongwa
24 Januari 1992

Mama Rahimu,

Vilindo vyote vya Chilonje vimefunguliwa. Tulipita wanawake watatu, nyumba kwa nyumba, mimi nikiwa wa kwanza kukaguliwa. Mwenzangu alitia mkono hadi begani mbele ya watu, akatoa pumba na kamba kuukuu. Mama mkwe alikuwa amekaa pale. Aligeukia ukuta, na hadi leo hajanisemesha. Kwetu, kuonyesha sakafu ya kilindo chako ni sawa na kuvuliwa nguo barazani. Ulitaka uthibitisho, ndio huo.

Nyumba nyingi zina pumba tu. Lakini sitakuficha: nyumba tisa zina nafaka ya kufika Aprili, na ya Sila ni mojawapo. Mkewe, Sikudhani, alianza kulia kabla hatujagusa kifuniko. Sila akasema anamtunzia mgeni. Mama mmoja akamuuliza, "Mgeni gani huyo, shemeji? Anaitwa Juni?" Halafu tukagundua kwamba yeye na mwenzake mmoja walikuwa wakiwauzia majirani kwa kikombe, kwa bei inayopita ya Majengo. Yule aliyekuwa akikuita tajiri. Cheka ukitaka. Mimi sikuweza.

Kuhusu hongo, ni kweli, na sijivunii. Lakini hongo ilitozwa mpita njia. Aliyekaa na kushika jembe la kuchimbua kisima hakutozwa na mtu. Kwa hiyo swali langu limebaki moja: wewe ni mpita njia? Bati zako ziko juu ya kuta zetu. Mtama wako ulikaa kwenye kilindo changu, mgambo wamesimama hatua chache na bunduki, na sikukuuliza bei.

Kufuli zote mbili ni nzima. Nimezitazama leo asubuhi, zimeanza kutu kidogo.

Daudi hajarudi.

Lydia


Majengo, Dodoma
2 Februari 1992

Mama Anna,

Mtama umeuzwa. Afadhali ulisikie kwangu kuliko kwa Thomas. Batholomeo, mwenye malori wa Morogoro, ataupakia Jumamosi tarehe 22 mwezi huu.

Alinilipa fedha zote tarehe 10 Desemba, kabla barua yako ya kwanza haijanifikia. Nilipokuandikia kwamba sijaamua kitu, nilikuwa nimeshapokea. Tangu hapo nimekuwa nikibishana na wewe juu ya mali ambayo si yangu tena. Nilitegemea mvua irudi na mabishano yafe yenyewe. Haikurudi.

Fedha hizo zimekomboa nyumba hii, ambayo niliiweka rehani mwezi wa sita ili niwalipe ninyi taslimu badala ya karatasi. Nikimkosesha Batholomeo mtama wake, ataichukua yeye. Rahimu na Shamimu wanaishi humu.

Umeniuliza kama mimi ni mpita njia. Nimelibeba swali hilo siku nyingi. Hapa sokoni hakuna anayeliuliza, na ndiyo sababu napapenda. Mwaka 1983 kila kizuizi cha barabarani waliniuliza mimi ni nani, ndugu au mhujumu, na jibu walikuwa nalo wao. Mizani hainiulizi ukoo, dini wala kadi ya chama. Inaniuliza kilo. Wewe unaona huo ni ubaridi. Kwangu ni mara ya kwanza nilipoheshimiwa. Lakini najua kwamba ulipokimwaga kilindoni kile nilichokuletea, nawe pia hukuniuliza. Siwezi kuyaunganisha mambo hayo mawili.

Siku hiyo tafadhali uwepo na ufunguo wako. Batholomeo amesema kijiji kikikataa atakuja na polisi, na karatasi zake ni safi. Nimemwambia haitafika huko, kwa kuwa mwenye ufunguo ni wewe.

Rukaya


Chilonje, Kongwa
9 Februari 1992

Mama Rahimu,

Kufuli zote mbili ni nzima. Ukuta wa nyuma si mzima.

Ulitobolewa tarehe 14 Januari. Tundu linampitisha mtu akiinama. Sikulitoboa mimi, ila niliambiwa asubuhi ile ile, na tangu hapo mimi ndiye ninayepima: debe moja kwa nyumba kwa wiki, mchana, mbele ya wote, na kila anayepokea hutaja jina lake kwa sauti. Zile nyumba tisa, tangu vilindo vifunguliwe, hazipewi. Sila amekasirika sana. Hadi leo yametoka magunia arobaini na sita.

Aliyeshika nyundo ni Yotham, mlinzi wako. Mshahara uliomtumia Desemba aliumaliza kwa vikombe vya mtama mlangoni kwa Sila. Tarehe 11 Januari tulimzika mtoto wake wa mwisho. Kuanzia tarehe 14 hajalala mlangoni tena, analala kwenye tundu, asiingie mtu nje ya siku ya kupima.

Ulipotaka uthibitisho wa njaa, barua yako ilifika tumeshatoka makaburini. Ningeweza kukuandikia hilo. Sikutaka mtoto wa mtu awe hoja.

Tarehe 24 nilikuandikia kwamba kufuli ni nzima. Ni kweli zilikuwa nzima. Wewe uliniandikia kwamba hujaamua kitu, na haikuwa kweli. Nimejaribu kupata afadhali yangu katika tofauti hiyo, sikuipata.

Wazee wanasema bati zako hazikuguswa, tumepita kwenye kuta, na kuta ni zetu. Ni hoja ya kitoto, nami nimeitumia kwenye mkutano. Mtama ni wako, au wa Batholomeo. Tuliuchukua bila kungoja jibu kwa sababu jibu tulilijua. Naamini ni wizi. Naamini pia kwamba wiki ile ikirudi nitapima tena. Sikutafutii njia ya kuyapatanisha.

Daudi amerudi na magunia mawili. Maksai wamebaki Kiteto. Mwaka huu tutalima kwa mkono.

Ukija na polisi, walete nyumbani kwangu. Ufunguo ninao mimi, na debe pia ninalo mimi.

Lydia


Majengo, Dodoma
14 Februari 1992

Mama Anna,

Batholomeo nilimwambia jana hapa dukani. Alisema neno ambalo siliandiki, akasimama twende kituoni saa ile ile. Nilikataa kutoa maelezo mpaka nihesabu kwa macho yangu. Amekubali kungoja hadi tarehe 22, basi. Baada ya hapo, amesema, ataandikisha mwenyewe, na jina la kwanza litakuwa la mtunza ufunguo.

Tangu utakapopata barua hii, debe lisipite tena ukutani hadi nifike. Nakuomba. Kuamuru sina tena uwezo, umenionyesha.

Mambo yamekaa hivi. Batholomeo ataridhika akipata magunia yake mia na themanini, hajali yanatoka wapi. Yaliyobaki ghalani ni mia na thelathini na manne. Yanayopungua itanibidi niyanunue hapa Majengo kwa bei ya leo. Sasa kijiji kinidai nini, au mimi niwadai nini? Mkinilipa bei ya Juni, nyumba hii naikopea upya na safari hii sijui kama nitaikomboa. Mkinilipa bei ya Februari, mtakuwa mmeuza kwa kamba na kununua kwa tundu la ukuta, na mavuno yakifika yatakuwa yangu kabla hayajakauka. Nimekaa na hili siku mbili. Kila upande ninaousimamia, naona mtu aliyeanguka upande wa pili, na mmoja wao ni mimi.

Sitakuja na polisi, na usidhani ni kwa ajili ya kilindo cha mwaka 1983. Pengine ni kwa ajili hiyo. Sijui, na Batholomeo hataki kujua.

Mwambie Yotham kwamba nimepokea habari za msiba, na kwamba mshahara wake wa Januari ninao. Nilimwajiri alinde mlango, na mlango ni mzima.

Sila aje mkutanoni. Namtaka pale nitakapotamka neno bei, awe amekaa mbele.

Nitapanda basi la Ijumaa na kulala kwako. Naomba nitie mkono mwenyewe kwenye kilindo chako. Ungeniuliza mwaka jana, ningesema nakuamini bila hivyo. Lakini nimezisoma barua zako zote upya tangu ya kwanza, na kila ulipoandika kufuli ni nzima nilisimama hapo. Nawe utasimama kwenye yangu ya Desemba. Mwombe mama mkwe wako ruhusa kabla sijafika.

Lori litafika Jumamosi saa sita mchana. Itisha mkutano saa tatu asubuhi, mbele ya ghala, wanaume na wanawake wote waliouza na waliochukua. Ajenda iwe moja, bei ya magunia arobaini na sita. Lete ufunguo wako, nami nitaleta wangu. Tutaingia kwa mlango.

Rukaya